Kupeleka Sayansi Bomani: Mwongozo kwa Anayetoka Nairobi

Jina la mji huu ni la Kimaasai: Enkare Nairobi, maji ya baridi. Ukisimama kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande ule usio na ua, unaona maghorofa ya mjini mbele yako, na nyuma yako ng'ombe wanarudi bomani. Mtoto wa boma lile anaziona taa za mji kila usiku. Ila mhandisi wa kukaa naye chini, wakafungua redio mbovu pamoja, huyo hajamwona.

Mimi ni fundi wa umeme. Pamoja na wenzangu wachache, walimu na mafundi wa hapa mjini, tumekuwa tukitumia Jumamosi zetu kufundisha sayansi kwenye maboma ya kusini mwa mbuga na kando ya barabara ya Magadi. Ninayoandika hapa ni kwa mtu anayetaka kuanza kazi kama hiyo, kwa Wamaasai au kwa jamii nyingine asilia: Waogiek wa Mau, Wasengwer wa Embobut, Waendorois wa Bogoria. Mifano yangu ni ya Umaasai kwa sababu huko ndiko ninakokujua. Ukienda kwingine, badilisha mifano, usibadilishe mpangilio.

Hatua ya 1: Nenda kwanza mikono mitupu

Safari yetu ya kwanza tulibeba maroboti ya plastiki, projekta na jenereta. Ilikuwa kiangazi, na vijana wengi walikuwa mbali na mifugo. Wachache waliokuja waliyaendesha yale maroboti, wakafurahi, na jioni tukayarudisha yote sandukuni. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mgunga siku nzima bila kusema neno. Tulipokuwa tukifunga mizigo akaniuliza, "Mwalimu, pampu ya shule imekufa tangu mwaka jana. Nyinyi mnaweza kuitengeneza?" Tuliweza. Lakini hatukuwa na hata spana moja.

Swali lile limeniongoza tangu siku hiyo. Kwa hiyo safari ya kwanza, na ikiwezekana ya pili, nenda bila kifaa chochote. Pitia kwa chifu na mzee wa kijiji, kisha kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, kisha kaa na wazazi. Watoto watakuja kukuinamishia kichwa. Hiyo ni salamu. Mguse kila mmoja utosini kwa kiganja, taratibu, usimruke hata mmoja. Ukipewa chai, kunywa. Na usiulize mtu ana ng'ombe wangapi. Kwa wafugaji wengi mifugo haihesabiwi kwa sauti, na mgeni anayeuliza idadi anafanana na mtu aliyekuja kutafuta kitu. Uliza badala yake: hapa nini kimeharibika? Nani alikitengeneza mara ya mwisho? Maji yanatoka wapi kiangazi hiki? Nani anatengeneza simu za watu? Katika kila kijiji nilichofika palikuwa na kijana mmoja anayefungua redio na simu bila kufundishwa na mtu. Mtafute huyo.

Hatua ya 2: Mwalimu wa kwanza awe mwenyeji

Karibu kila mahali kuna kijana, wa kike au wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya kuendelea. Pengine anaendesha bodaboda, pengine ni mlinzi wa usiku hapa mjini na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mpe kazi ya kufundisha pamoja nawe, na umlipe. Nasisitiza malipo kwa sababu nimeona vikundi vinavyogharimia mafuta ya gari, fulana na vitafunio, halafu mkalimani anaambiwa ajitolee. Bajeti ikiwa ndogo, punguza fulana.

Huyu mwenzako si mkalimani tu. Kaeni jioni moja kabla ya kila somo mpitie maneno, kwa sababu Kimaasai hakigawi dunia kama tunavyoigawa sisi. *Olchani* ni mti, na ni dawa pia. *Enkolong* ni jua, na ni siku. *Enkai* ni Mungu, na ni mvua. Somo la mzunguko wa maji likianza na neno hilo bila uangalifu, utakuwa umeingia kwenye ibada za watu bila kubisha hodi. Tengenezeni daftari la maneno: la Kimaasai, la Kiswahili, na la Kiingereza atakalokutana nalo kwenye mtihani. Pale neno la sayansi lisipokuwepo kwa Kimaasai, waachie vijana na wazee walitafute wenyewe. Mjadala huo peke yake ni somo zima.

Hatua ya 3: Ratiba ifuate mifugo

Likizo za shule za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zinafaa, lakini uliza kwanza siku ya mnada, sherehe za rika, na mahali mifugo ilipo. Ukame ukishika, familia huhama. Nairobi tuliona wenyewe katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakila majani ya kando ya barabara zetu. Wasichana uwaulize peke yao, maana muda wao unaliwa na maji na kuni kabla haujafika kwako. Kipindi cha saa mbili kila wiki mbili kwa mwaka mzima kina nguvu kuliko kambi ya siku tano isiyorudi.

Hatua ya 4: Anza na kilichopo

Huko Kanada, mzee Albert Marshall wa jamii ya Wami'kmaq ana neno, *Etuaptmumk*, ambalo maana yake ni kuona kwa macho mawili: jicho moja la maarifa ya wenyeji, jingine la sayansi ya darasani, yote yakitazama kitu kimoja. Nimelipenda kwa sababu halisemi jicho moja lisubiri lingine lipone. Hapa kwetu Katiba ya 2010 inasema jambo la jirani: kifungu cha 11 kinataka serikali itambue nafasi ya sayansi na ya teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Mfadhili au mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini unafundisha kwa kibuyu, msomee hicho.

Somo letu la kwanza siku hizi ni la maziwa, magadi na kabichi. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu linagharimu kidogo sana na sijawahi kuliona likishindwa.

Nunua kabichi ya rangi ya zambarau. Haipatikani kila kibanda; mimi huipata soko la City Park. Ikate nyembamba, uchemshe nusu yake kwa lita moja ya maji kwa dakika kumi na tano, uchuje. Utapata maji ya zambarau. Yatumie siku hiyohiyo, kwa sababu huharibika upesi. Panga vikombe vyeupe sita. Cha kwanza weka maji safi, cha pili maji ya limau, cha tatu magadi yaliyoyeyushwa, yaleyale tunayotia kwenye githeri na maharagwe. Cha nne maji ya jivu la jikoni yaliyochujwa. Cha tano na cha sita acha kwanza. Mimina maji ya kabichi kidogo kidogo, na kabla ya kila kikombe waambie wabashiri rangi na waandike. Limau linageuka waridi. Magadi yanageuka kijani. Jivu nalo linaelekea huko huko kwenye kijani, na hapo ndipo kelele zinapoanza, kwa sababu hakuna aliyedhani jivu na magadi ni ndugu.

Sasa kikombe cha tano na cha sita. Mwombe mama mmoja maziwa mabichi ya asubuhi, na *kule naoto*, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Mabichi yanachukua rangi ya zambarau hafifu, yaliyoganda yanakuwa waridi. Hapo mwachie mama nafasi. Aeleze jinsi anavyosafisha kibuyu kwa kijinga cha *oloirien*, mzeituni wa porini, anavyokisugua ndani mpaka moshi ujae, na kwa nini hatumii mti wowote tu. Kazi yako ni kuuliza maswali. Kisha wapeni vijana jaribio la nyumbani: vibuyu viwili, kimoja kimefukizwa, kingine kimeoshwa kwa maji tu, maziwa ya ng'ombe mmoja, na maji ya kabichi ya kupima kila siku kwa siku tatu. Kabichi ya kutosha waachie wao, wachemshe mapya kila asubuhi. Maziwa hayo ya majaribio yasinywewe. Watakachokiandika wenyewe kwenye daftari kinatosha kuanzisha somo la bakteria, la asidi, na la moshi unavyozuia uozo.

Usiku, kama mmealikwa kulala, kuna somo la nyota. Sisi tuna msemo wetu: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wamaasai nao wana jina lao la nyota hizo na wanazihusisha na mvua za masika. Tazameni pamoja, wazee waseme, nawe ueleze kwa nini kundi lile hupotea kwenye mwanga wa jua karibu na Mei na kuonekana tena alfajiri ya Juni.

Na ukiwa barabara ya Magadi, usipite Olorgesailie bila kusimama. Ni kama kilomita sabini kutoka mjini. Louis na Mary Leakey walichimba pale miaka ya 1940, na shoka za mawe bado zimelala chini kwa mamia pale pale zilipopatikana. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walionyesha kwamba miaka kama 320,000 iliyopita watu wa pale walikuwa tayari wanatumia mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotolewa makumi ya kilomita mbali. Mtoto wa pale anapoambiwa uhandisi ni kitu cha kigeni, ana haki ya kumpeleka mwalimu wake akaone.

Hatua ya 5: Mradi mmoja mkubwa, wenye waya

Mwaka uwe na mradi mmoja ambao ukikamilika unabaki unafanya kazi. Sisi huanza na taa za boma, na huanza kwa kumtaja Richard Turere. Alikuwa mtoto wa Kimaasai wa hapa hapa kusini mwa mbuga, mwenye miaka kumi na mmoja, akilinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akitembea na tochi akagundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaosogea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola, kikopo cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akafanya taa ziwake na kuzima kwa zamu kuzunguka boma. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la mihadhara la TED huko Marekani akaeleza. Umeme alikuwa amejifunza kwa kufungua redio mpya ya mama yake. Vijana wakiisikia habari hii hawahitaji hotuba nyingine.

Vifaa vyote viko Luthuli Avenue: taa ndogo za LED nyeupe, rezista za kupunguza umeme, waya, fyuzi, paneli, chaji kontrola, maltimita ya kupimia umeme. Zunguka maduka matatu kabla ya kununua, na maltimita ijaribu palepale dukani kwa betri. Flasha, kile kikopo cha kuwasha na kuzima, nenda Kirinyaga Road, na hapa sikiliza vizuri: flasha za kawaida za pikipiki hutegemea balbu zinazokula umeme mwingi. Ukiifunga kwenye LED chache, taa hazitapepesa. Omba ile iliyotengenezwa kwa LED. Tulipoteza Jumamosi nzima kabla hatujalijua hilo. Maboksi ya bati ya kufunika betri, wakutengenezee mafundi wa Kamukunji. Chukua vijana wawili muende nao wakaone bati likikunjwa kwa nyundo na reli.

Hesabu wafanye wenyewe. LED nyeupe inataka karibu volti 3. Tatu zikifuatana zinachukua 9. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia inasoma kama volti 12.6, lakini paneli ikichaji hupanda hadi 14.4, na watu wengi husahau hili wakaunguza taa mchana. Toa 9 kwa 14.4, inabaki 5.4. Ukitaka umeme usizidi miliampia 20, gawanya 5.4 kwa 0.02: omu 270. Hiyo ndiyo rezista ya kila mstari wa taa tatu. Usiwape jibu. Chukua LED moja, ifunike kwa glasi, iunganishe moja kwa moja na betri mbele ya wote. Itawaka kwa ghafla kisha itakufa. Halafu waulize ingeokolewaje.

Usalama hauna mjadala. Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri. Bangili za shanga ni nzuri, lakini zenye vipande vya chuma zivuliwe mtu anapogusa betri. Maji ya betri hayaguswi na mtoto. Kulehemu kufanyike mahali penye hewa, mikono ioshwe kabla ya kula. Na watu wazima wawe wawili kila wakati. Hakuna mgeni anayebaki peke yake na mtoto, iwe darasani, garini au njiani kwenda chooni.

Tena, usiahidi kwamba taa zitamaliza simba. Boma lenye ua mbovu litaingiliwa hata likiwa na taa. Waambie wapime wenyewe: waandike kila usiku taa zilifanya kazi au hazikufanya, na alfajiri nini kilionekana.

Hatua ya 6: Mhandisi wa nyumba ni mama

Nyumba ya Kimaasai hujengwa na wanawake. Fimbo zinapindwa, zinasukwa, zinapigwa plasta ya udongo, samadi na jivu. Wasichana wengi tuliowafundisha walikuwa kimya kwenye somo la taa mpaka tulipofika hapa. Mwalike mama anayesifiwa kwa ukuta usiovuja. Kila kikundi kitengeneze vigae vinne vya ukubwa wa kiganja kwa vipimo tofauti: udongo mtupu, udongo na samadi, udongo na jivu, vyote vitatu. Vikauke kivulini wiki moja. Kisha toboa kopo matundu kwa msumari, mwaga lita moja ya maji kutoka urefu uleule juu ya kila kigae, mtazame kipi kinamomonyoka kwanza. Nyuzi za majani zilizomo kwenye samadi ndizo zinazoshika udongo. Ukivunja kigae utaziona kwa macho.

Msichana mmoja wa Gredi ya 8 alikipinda kigae chake taratibu mpaka kikapasuka, akakigeuza, akasema, "Kimeshikwa na nywele." Sijapata maelezo bora zaidi ya jinsi nyuzi zinavyoimarisha udongo, na nimeshayatumia mara nyingi na vijana wa mjini. Uzuri ni kwamba somo hili linaingia moja kwa moja kwenye Sayansi Jumuishi na masomo ya awali ya ufundi ya sekondari msingi. Mwombe mwalimu wa darasa alihesabu kama kazi ya mradi. Anayeamua kuchukua mkondo wa sayansi akifika Gredi ya 10 ataihitaji kumbukumbu hiyo.

Hatua ya 7: Maarifa yana mwenyewe

Mzee akikuonyesha mti wa dawa, hajakupa ruhusa ya kuuweka mtandaoni. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na sheria ya 2019 ya kulinda data, inayotaka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Picha ya mtoto ni taarifa yake. Uliza, eleza itakwenda wapi, na jibu likiwa hapana usirudie swali. Madaftari ya majaribio yabaki pale. Ukihitaji nakala, piga picha kurasa kwa ruhusa ya walioandika, na majina yao yatajwe kwanza kama wanataka.

Hatua ya 8: Acha vifaa, acha na daftari

Mwisho wa mwaka, acha sanduku: maltimita, chuma cha kulehemu, waya wake wa kulehemia, spana, bisibisi, rezista za akiba, fyuzi za akiba. Likabidhiwe mbele ya wazazi, na funguo zishikwe na vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Ndani liwe na daftari la kila kifaa kijijini chenye waya: kiliwekwa lini, kilipimwa lini, kilisoma nini. Pampu ya shule iwe ukurasa wa kwanza.

Baada ya miezi michache simu italia. Taa zimezima, au pampu haivuti. Utatamani kupanda gari. Usipande bado. Muulize kijana aliyepiga: "Ukiweka maltimita kwenye betri, inasoma ngapi?" Kisha subiri, hata akinyamaza dakika nzima. Anatembea kwenda kuiangalia.